Johnson ya Babu

Mwezi wa pili mwaka jana ami alinipigia simu kutoka Ndau. Nilikuwa Mombasa, ndani ya matatu, naelekea kazini. Siku hiyo hakuanza na kuulizia watoto kama kawaida yake.

"Kuna mtu wa vyuma chakavu amefika na mizani," alisema. "Ananunua kwa kilo. Nimemwonyesha ile Johnson ya babu yako. Anasema aluminiamu yake nzuri."

"Ami, usiuze kwanza."

"Kwa nini nisiuze? Imelala stoo miaka zaidi ya ishirini. Wewe ndiye msomi, una intaneti. Hebu niangalizie kama ina thamani yoyote huko duniani. Huyu bwana atarudi baada ya wiki mbili."

Nilimwambia sawa. Usiku huo nikafungua simu nikaandika neno moja: Johnson. Nilidhani natafuta bei. Nikajikuta nasoma hadithi ya miaka mia moja na zaidi, na kila nikisogea mbele naona inazunguka na kurudi pale pale, kwenye stoo ya makuti kisiwani kwetu.

Kama hujafika Ndau, nikuelekeze. Ukitoka Lamu mjini unapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, ambao zamani ulipitika maji yakiwa yamejaa, la sivyo ulikaa mchangani ukingoje mwezi ufanye kazi yake. Halafu unaifuata Pate kwa masaa. Ndau iko baada ya Pate, kabla ya Kiwayu. Ni kisiwa cha Wabajuni, watu wa nyavu, kamba na kaa. Barabara yetu ni maji. Kwa hivyo mtu wa Nairobi anaposema babu yake alikuwa na Peugeot 404 iliyojulikana mtaa mzima, mimi namwelewa vizuri. Babu yangu alikuwa na Johnson.

Ilikuwa injini ya nguvu ya farasi 25, ya kutundikwa nyuma ya chombo. Aliinunua mkono wa pili Lamu mjini miaka ya sabini, kabla sijazaliwa. Mimi niliikuta ishazeeka. Kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa kushika faneli babu akichanganya mafuta: nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Alikuwa hapimi kwa chombo. Alikuwa anapima kwa jicho, halafu ananusa. Kisha anavuta kamba mara mbili tatu, moshi wa buluu unatanda, na kijiji kizima kinajua nani anatoka.

Na kila injini ya kutundika, ya nani au ya wapi, babu aliiita Johnson. "Fulani amenunua Johnson mpya," angesema, na hiyo Johnson mpya ukienda kuiangalia imeandikwa Yamaha.

Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu nimegundua babu alikuwa anafanya jambo ambalo pwani yetu imelifanya kwa karne mbili. Chukua neno merikani. Bibi zetu waliita hivyo kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kitambaa cha kushonea kanzu ya kazi, tanga na sanda. Asili yake ni Wamarekani wenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Mmarekani wa Salem, Richard Waters, akaja Unguja kuwa balozi mdogo. Merikebu za Salem zilileta vitambaa vya viwanda vya Massachusetts na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani ilipendwa kwa kuwa ilikuwa ngumu, haichujuki, haidanganyi. Ilifika mpaka bara ya ndani kabisa, ikitumika kama pesa.

Halafu mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Pamba ikakatika, viwanda vikakosa kazi, na bei ikapanda. Vita vilipokwisha mwaka 1865, waliporudi sokoni walikuta nafasi yao imeanza kukaliwa na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay. Mmarekani aliondoka polepole kwenye biashara, lakini jina lilibaki. Watu waliendelea kununua merikani iliyofumwa India.

Sasa turudi kwenye injini.

Ukifungua historia ya Johnson, huwezi kuiepuka ya Evinrude, maana ni kama ndugu wa mama mbalimbali walioishia nyumba moja. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akapelekwa Wisconsin akiwa mtoto mdogo. Hadithi wanayoipenda Wamarekani ni kwamba siku moja ya jua kali alipiga makasia kuvuka ziwa kumfuatia mchumba wake, Bess Cary, aiskrimu. Kufika nayo, imeyeyuka. Akasema lazima kuwe na njia bora kuliko hii. Sijui aiskrimu iliyeyuka kiasi gani, lakini mwaka 1909 Ole alikuwa anauza injini za kutundika huko Milwaukee, na Bess ndiye aliyeendesha biashara: hesabu, barua, hata tangazo la kuwaambia watu watupe makasia yao. Miongoni mwa wateja wao wa mwanzo ng'ambo walikuwa wavuvi wa Skandinavia. Hilo lishike, tutalirudia.

Johnson wao walikuwa ndugu wa Terre Haute, jimbo la Indiana. Walianza na injini za mashua, wakajaribu ndege mwaka 1911, wakafanya injini za baiskeli, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakatoa injini ya kutundika yenye uzito wa kilo 16 hivi. Mtu mmoja angeweza kuibeba begani kama gunia la viazi. Watu waliipenda mara moja. Lakini Johnson walijitanua, wakajenga kiwanda kikubwa Waukegan, karibu na Chicago, na mporomoko wa uchumi wa 1929 ukawakuta na madeni. Mwaka 1935 Ralph Evinrude, mtoto wa Ole na Bess, akishirikiana na Stephen Briggs, akainunua Johnson. Kampuni zikaungana mwaka uliofuata, na kufikia 1956 jina lake likawa Outboard Marine Corporation, OMC kwa kifupi. Majina mawili, mwenye mali mmoja.

Kwa miongo kadhaa OMC ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi duniani katika kazi hii. Johnson ya babu ilitoka kipindi hicho, na wakati ule hakuwa mtu wa ajabu kwa kuchagua Mmarekani. Mtu wa ajabu angekuwa yule aliyemchagua Mjapani.

Kwa hivyo nini kilitokea?

Jibu la haraka, lile utakalosikia kwa kila mtu, ni kwamba Wajapani walitengeneza injini bora. Mimi naona jibu hilo linaruka hatua nyingi.

Yamaha ilitoa injini yake ya kwanza ya kutundika mwaka 1960. Haikuwa tishio kwa mtu yeyote Milwaukee. Lakini tofauti ilikuwa kwenye picha ya mteja. Soko kubwa la OMC lilikuwa Mmarekani wa Jumamosi: mtu mwenye nyumba, gari, na kiboti cha kuvutwa nyuma ya gari hadi ziwani. Injini yake inafanya kazi siku chache kwa mwaka, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na ikiharibika kuna duka mjini. Yamaha wao, kuanzia miaka ya 1960, walituma watu hadi kwenye vijiji vya wavuvi, Afrika ikiwemo. Waliangalia mtu anavua nini, anatoka saa ngapi, chombo chake kimechongwa vipi. Walifundisha mafundi. Walifundisha namna ya kujenga mashua za faiba. Walichapisha hata jarida maalumu la mambo ya wavuvi. Na walitengeneza aina waliyoiita Enduro: mpigo wa mara mbili, kabureta ya kawaida, vyuma vilivyonenepeshwa, hakuna cha kompyuta, kitu cha kufunguliwa ufukweni kwa spana mbili na bisibisi.

Yaani wateja wa mwanzo wa Bess Evinrude, wale wavuvi, walikuja kupata mtu mwingine wa kuwaandikia barua.

Sehemu ya pili ya hadithi ndiyo iliyonikalisha macho usiku. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilipitisha kanuni za moshi wa injini za kutundika. Kati ya 1998 na 2006, makampuni yalitakiwa kupunguza uchafu kwa asilimia 75 hivi. Na haki yao: injini ya mpigo wa mara mbili ya zamani inatema sehemu ya petroli yake ikiwa haijaungua, moja kwa moja majini. Ule upinde wa mvua niliokuwa nauona juu ya maji nyuma ya chombo cha babu nikadhani ni urembo, kumbe ni mafuta.

Honda tayari ilikuwa na injini za mipigo minne tangu 1964. Wengine wakafuata njia hiyo. OMC ikabahatisha njia nyingine: kuendelea na mpigo wa mara mbili, ila kwa mfumo wa Kijerumani ulioitwa FICHT, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Wazo lilikuwa zuri. Lakini uliingizwa sokoni kwa haraka, injini zikaleta matatizo, na gharama za dhamana zikailemea kampuni. Mwaka 1997 OMC ilishanunuliwa na wawekezaji, bilionea George Soros akiwa miongoni mwao. Tarehe 22 Desemba 2000, siku tatu kabla ya Krismasi, kampuni ikaomba kulindwa kwa kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Bombardier ya Kanada ilinunua majina hayo mawili mwaka 2001. Baada ya 2007 jina la Johnson likaachwa. Evinrude ikaendelea, ikarekebisha ule mfumo ukawa mzuri kwelikweli, lakini wateja walishahama. Mwezi wa Mei 2020, katikati ya Korona, wakatangaza kwamba Evinrude haitatengenezwa tena. Kutoka 1909 hadi 2020: miaka 111.

Ona kinaya chake. OMC ilianguka ikijaribu kutengeneza injini safi ya kisasa kwa ajili ya maziwa ya Marekani. Na injini inayotawala kwetu leo ni ya aina ile ile ambayo kanuni za Marekani ziliifukuza kwenye maduka yake. Tulibaki na teknolojia ya babu, ikavaa jina jipya.

Ukidhani haya ni mambo ya baharini tu, panda matatu ya abiria 33 pale Nairobi. General Motors Kenya ilianzishwa mwaka 1975, serikali yetu ikiwa na hisa, na kiwanda cha Mombasa Road kikaanza kuunganisha magari mwaka 1977. Jina mlangoni lilikuwa la Mmarekani, lakini malori na mabasi yaliyotoka pale na kuteka barabara yalikuwa Isuzu. Chevrolet ilikuwepo, ndio, lakini ni nani kati yenu aliyewahi kwenda ocha na Chevrolet? Mwaka 2017 General Motors ikauza hisa zake, asilimia 57.7, kwa Isuzu yenyewe, na kampuni ikabadilishwa jina kuwa Isuzu East Africa. Kiwanda hakikuhama. Ni ubao wa mlangoni uliobadilishwa ufanane na kilichokuwa ndani.

Nikampigia fundi mmoja mzee wa injini pale Lamu, aliyewahi kumfanyia babu kazi. Nilimuuliza ipi ilikuwa bora, Johnson au Yamaha. Akakaa kimya kidogo.

"Mwanangu, Johnson ilikuwa na sauti nzuri," akasema. "Ila mimi nilijifunza Yamaha kwa sababu ndizo zilizokuwa zinaletwa. Vijana wangu nikawafundisha ninachokijua. Sasa ukija na Johnson, hata kama ni nzima, nani ataipokea?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtandao haukuniambia. Mashine pwani haiishi kwa chuma chake. Inaishi kwa watu wanaoijua. Plagi ya Yamaha utaipata Lamu, utaipata Faza, na ukikwama mbali, chombo cha kwanza kinachopita kina mtu mwenye plagi ya akiba mfukoni, na plagi hiyo inaingia kwenye injini yako. Ukiwa na injini tofauti na ya majirani, hata iwe nzuri vipi, uko peke yako baharini. Na mtu wa Ndau, kama hajui jambo jingine lolote, anajua maana ya kuwa peke yako baharini.

Babu hakuiacha Johnson kwa sababu iliharibika. Fundi aliyeijua alihamia Malindi, na wakati ule ami alikuwa ameanza kutoka na Yamaha ya jirani. Siku moja babu aliifuta kwa mafuta ya taa, akaifunika gunia, akaiweka stoo. Hakusema kitu.

Lakini nina wasiwasi, na sitaki kuuficha. Leo ufukwe wetu karibu wote unategemea jina moja. Tumefika pale pale alipokuwa babu mwaka 1975, tukidhani hiki kilichopo ndicho kitakachokuwepo. Dunia inaikimbia injini ya aina hii. Siku Mjapani naye akisema basi, kwa sababu ya moshi au kwa sababu ya umeme au kwa sababu wateja wake wakubwa wametaka kitu kingine, hatatuuliza. Hakuna aliyewahi kutuuliza, tangu merikani.

Na safari hii tuna haja zaidi ya injini kuliko babu zetu. Babu angeweza kurudi kwenye tanga. Upepo wa kusi na kaskazi aliujua kama njia ya msikitini. Vijana wa rika langu wanaojua kuweka foromali vizuri ni wa kuhesabu. Pia samaki wamekwenda mbali. Mwaka 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa, na tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la Bandari ya Lamu likafunguliwa. Katikati ya miaka hiyo wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya maeneo yao ya kuvulia. Moja ya hoja zao ilikuwa hii: ukichimba mkondo karibu, mvuvi lazima atoke nje, bahari kuu, na bahari kuu haiendwi kwa mtumbwi na pondo. Inataka chombo kikubwa na injini kubwa. Kila maili wanayosogezwa ni petroli, na kila lita ya petroli ni samaki ambaye lazima avuliwe kwanza kabla ya yule wa kupeleka nyumbani.

Kwa hivyo swali la injini ya nani ni swali la nani anashika kamba ya maisha yetu. Jawabu langu ni dogo, la mtu asiye na kiwanda: tuwe na mafundi wengi kuliko wanunuzi. Kijana anayejua kwa nini injini inawaka, sio tu jinsi ya kuiwasha, ataijua Yamaha leo na ya umeme kesho. Aliyekariri jina tu, jina likiondoka, ameondoka nalo.

Baada ya siku kumi nilikwenda Ndau mwenyewe. Nilikuwa na karatasi za kutosha. Nilikuwa nimepanga kumweleza ami yote, kuanzia aiskrimu hadi Soros, na kumwambia kwamba bei kubwa haipo lakini tusiuze, tuwape vijana waifungue na kuifunga wajifunzie. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, injini yake imefunguliwa mapajani.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Yule bwana alirudi mapema."

Nikanyamaza.

"Pesa yenyewe nimenunulia impela ya pampu ya maji na plagi mbili," akasema, akinyanyua kile kigurudumu kidogo cha mpira nikione. "Bila hii Yamaha ilikuwa inachemka, sitoki. Babu yako angeniambia nini, nilale njaa nailinda Johnson?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikakaa chini, nikamshikia tochi akaifunga ile impela. Mtoto wake wa mwisho alichuchumaa kando, anatazama kila kidole kinakokwenda. Nikamuuliza kama anajua kazi ya hicho kigurudumu. Akasema kinanyonya maji ya bahari yaipoze injini. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akamwonyesha baba yake kwa kidevu.

Jioni nilizunguka nyuma ya nyumba. Kifuniko cha injini ya babu kilikuwa bado kipo, kwa sababu si chuma na mtu wa mizani alikikataa. Wamekipindua kikawa bakuli la kuku kunywea maji. Ubavuni, chini ya ukungu, jina bado linasomeka.

Yule mtoto alinifuata. "Hiyo ni Johnson," akanifahamisha, kama mtu anayemwonyesha mgeni.

Nikamuuliza, Johnson ni nini?

Akaniangalia kwa huruma. "Si bakuli la kuku."